Gregory: Karani wa Sufi Aliyelisoma Bonde la Ufa



Kila mwaka majina ya waliopata nafasi za vyuo vikuu yakitoka, hapa Chaani huzuka mazungumzo yale yale, na ukienda Magongo, Mikindani au Port Reitz utayakuta. Mtoto akiitwa kusomea uuguzi, ualimu, uhasibu au mambo ya bandari, mzazi anajua la kufanya. Anapigia simu ndugu zake, majirani wanakuja kumpongeza. Mtoto akiitwa kusomea jiolojia, nyumba inanyamaza. Baba anauliza hiyo ni kazi ya wapi. Mama anadhani mwanawe anapelekwa kuponda kokoto Mazeras. Kabla wiki haijaisha, watu wanatafuta njia ya kubadilisha kozi.

Siwalaumu wazazi. Mtu anayekopa ili alipe karo ana haki ya kujua mwanawe atakula nini baada ya miaka minne. Ila swali hilo hujibiwa vibaya. Anayejibu hutaja kazi mbili tatu, tena za migodini, kisha hunyamaza. Mimi naona ni heri kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyezifanya kazi hizo karibu zote, na ambaye safari yake kubwa ilianzia hapa hapa Mombasa. Jina lake John Walter Gregory. Sehemu ya Bonde la Ufa inayoikata Kenya kutoka kaskazini hadi kusini huitwa kwa jina lake katika vitabu vya jiolojia duniani kote. Alikuwa Mzungu wa zama za ukoloni, na alikuwa na fikra nyingine mbovu ambazo sitazificha hapa. Lakini njia aliyopita inafaa ijulikane na kijana wa Changamwe kuliko inavyojulikana sasa.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtaa wa Bow, upande wa mashariki wa mji, upande wa bandari na viwanda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufi, ile ya manyoya ya kondoo. Kijana alisoma shule ya kawaida, na alipofika miaka 15 akaacha darasa akaajiriwa karani katika biashara hiyo hiyo ya minada ya sufi. Angekuwa wa kwetu, tungesema amepata kazi mjini, mambo yake yameshanyooka. Asubuhi anaingia ofisini, anaandika hesabu za marobota, jioni anarudi nyumbani.

Yeye jioni hakuwa akirudi nyumbani. Palikuwa na chuo London kilichoitwa Birkbeck, kilichofundisha watu wa kazi usiku, baada ya saa za ofisi. Makarani, mafundi na wauza maduka walikuwa wakienda pale na nguo zao za kazini. Gregory akaingia, akajikuta anapenda zaidi masomo ya mawe na viumbe vya kale. Aliyafanya mambo hayo mawili pamoja, sufi mchana na mawe usiku, kwa miaka kadhaa. Sisi tuliosoma diploma kwa masomo ya jioni huku tukifanya kazi mchana tunaijua hali hiyo. Ni usingizi unaokushika kwenye matatu ukapitiliza kituo chako.

Mwaka 1887 akapata kazi katika idara ya jiolojia ya makumbusho makubwa ya Uingereza, upande wa viumbe na maumbile, mtaa wa South Kensington. Angalia tarehe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza. Kazi aliipata 1887. Shahada yake ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha London, aliipata 1891, tena kwa daraja la juu. Shahada ya udaktari wa sayansi akaipata 1893. Kwa hiyo hakukaa nyumbani akisubiri cheti kimpe kazi, wala hakupata kazi akaona cheti hakina haja tena. Alikuwa akivipandisha vyote viwili, huku mguu huku mguu, kama mtu anayepanda mnazi.

Kazi ya makumbusho haikuwa na fahari machoni pa watu. Alikaa na masanduku ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, akayapanga, akayapa majina, akayaandikia orodha. Alishughulika zaidi na viumbe wa bahari: matumbawe, na jamaa wa wale wadudu wa miiba wanaowachoma miguu wavuvi wetu. Mtu angeweza kumcheka kwamba anahesabu makombe yaliyokufa. Lakini kisukuku ndicho saa ya mwanajiolojia. Ukijua kiumbe fulani aliishi zama gani, unajua jiwe lililomhifadhi ni la zama gani, na kutoka hapo unajua nini kiko chini yake na nini kilikuwa juu yake. Mafuta, makaa ya mawe na maji hutafutwa kwa elimu hiyo.

Wakati huo kulikuwa na mtaalamu mmoja Vienna, Eduard Suess, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki. Aliposoma taarifa za wasafiri Teleki na von Höhnel, waliopita nchi hizi miaka ya 1887 na 1888, alitoa hoja mwaka 1891 kwamba mabonde yote makubwa kuanzia Yordani, kupitia Bahari ya Shamu hadi huku kwetu, ni kazi ya kupasuka kwa ardhi. Ilikuwa hoja ya kitabuni. Alihitajika mtu wa kuja kuigusa kwa mkono.

Mwaka 1892 Gregory akaomba ruhusa kazini na kujiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kuingia bara kwa upande wa Mto Tana. Ulikuwa na maafisa, bunduki na mizigo mingi, na ukavunjika kabla haujafanya lolote la maana. Mwingine angepanda meli arudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Gregory alikuja Mombasa akaanza upya kwa pesa kidogo na watu wachache.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ni kwetu.

Mombasa ya 1893 haikuwa na reli. Reli ilianza kujengwa 1896. Nchi ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza iliyokodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar. Aliyetaka kwenda bara alitafuta wapagazi, na wapagazi walikuwa watu wa pwani. Wazungu waliwaita wote Wazanzibari, hata aliyezaliwa upande huu wa bara. Baadhi ya wapagazi wa enzi hizo walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Gregory alichukua watu 40 hivi. Misafara ya wakubwa ilikuwa na mamia. Mwezi wa Machi wakatoka.

Njia ya bara ilikuwa ile ile tunayoijua, kupanda kutoka pwani, kupita nyika ya Taru isiyo na maji, kisha Kibwezi na kuendelea. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30 kichwani au begani, siku nzima, na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Walifika Naivasha, wakapanda hadi Baringo, wakakata Laikipia, wakaufikia Mlima Kenya, na mwezi wa Agosti wakawa wamerudi Mombasa. Miezi mitano kwa miguu. Gregory alikuwa na miaka 29.

Alichokiona bondeni ndicho kilichompa jina. Watu walizoea kudhani bonde huchimbwa na mto. Yeye alitazama kuta za pande mbili, akachunguza matabaka ya mawe moja baada ya jingine, akasema hapana, hili halikuchimbwa, hili limeshuka. Chukua matofali matatu, uyasimamishe bega kwa bega, yakabane. Kisha vuta ya pembeni kidogo kila upande. La katikati linateremka. Ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka kwa nyufa ndefu zinazoenda sambamba, na kipande cha kati kikazama, huku moto wa chini ukitafuta njia ya kutokea kwenye nyufa hizo. Ndiyo maana volkano na chemchemi za maji moto zimejipanga humo. Neno la Kiingereza ambalo sisi tumelitafsiri Bonde la Ufa lilienea duniani kwa sababu ya kitabu chake, The Great Rift Valley, kilichotoka 1896.

Mlima Kenya nao ulikuwa na kisa chake. Krapf, mmishonari aliyekaa Rabai, aliuona mlima huo mwaka 1849, na wasomi wa London wakakataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Teleki aliupanda kiasi 1887. Gregory ndiye mwanasayansi wa kwanza kuifikia barafu yenyewe na kuichunguza. Akaona pia chini zaidi alama za mawe yaliyosukumwa, akajua zamani barafu hiyo ilishuka mbali kuliko ilipo. Barafu moja akaipa jina la Lewis, mwanajiolojia Mmarekani. Nyingine baadaye ikaitwa kwa jina lake mwenyewe, nayo leo imekwisha kuyeyuka. Wapagazi wa pwani walikuwa naye kwenye baridi hiyo, watu waliozoea joto la Kilindini, na sijaona barafu wala bonde lililoitwa kwa jina la mmoja wao.

Alirudi makumbusho akaendelea hadi 1900, mwaka alipoanza kazi ya uprofesa wa jiolojia na madini katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Mwaka huo huo alikuwa ameteuliwa kuongoza wanasayansi wa safari ya Waingereza kwenda Antaktika kwa meli ya Discovery. Kukatokea mvutano nani awe na kauli ya mwisho, mwanasayansi au mwanamaji. Wakubwa wakampa kauli hiyo Scott wa jeshi la majini. Gregory akajiuzulu mwaka 1901. Wengine waliona amepoteza nafasi ya maisha. Mimi naona alijua thamani ya kazi yake, na mtu asiyejua thamani ya kazi yake hupangiwa na wengine.

Melbourne alikaa miaka minne hivi na kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Chuoni alikuwa profesa. Serikalini alikuwa mkurugenzi wa idara ya upimaji wa jiolojia ya jimbo la Victoria, jimbo lililotajirika kwa dhahabu. Likizo za wanafunzi hazikuwa likizo kwake. Kiangazi cha kuamkia 1902 aliwachukua baadhi yao hadi Ziwa Eyre, katikati ya jangwa la Australia, akatoka na kitabu kuhusu nchi hiyo kame.

Hapo ndipo nataka mzazi wa Chaani aangalie. Huyu mtu hakuchagua kati ya chuo na serikali, au kati ya kalamu na nyundo. Shahada ya sayansi ya ardhi ilimpeleka makumbusho, ikampeleka porini, ikampa darasa, ikampa ofisi ya serikali, na kila kazi ililisha nyingine. Mawe ya porini yakawa mihadhara, na mihadhara ikatoa vijana wa kwenda kupima madini.

Kwetu leo njia ya chuo ni ndefu zaidi kidogo, na lazima isemwe wazi. Anayetaka kuwa mhadhiri asidhani shahada ya kwanza inatosha. Kuna uzamili, kuna uzamifu, na katikati pana miaka ya kusaidia maabara na kusahihisha karatasi kwa malipo madogo. Wahadhiri wetu tumewaona barabarani wakigoma kudai haki zao. Lakini anayesomea jiolojia hana mlango mmoja tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha jiolojia tangu 1961. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016, kipo mwendo wa saa chache tu kutoka Changamwe, na kimejijengea jina katika mambo ya madini. Tangu 1993 Kenya ina sheria ya kuwasajili wanajiolojia, kama wanavyosajiliwa wahandisi, kwa hiyo hii ni taaluma yenye muhuri wake. Anayetaka kuchimba kisima cha mtambo anahitaji kwanza ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Anayejenga daraja au ghorofa kubwa anahitaji kujua anasimamisha nguzo juu ya nini.

Umeme je? Lile bonde alilolipima Gregory akiwa na wapagazi 40 ndilo linalotuwashia taa. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke pale Olkaria, karibu na Naivasha, uliwashwa 1981, wa megawati 15. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke huo. Kabla bomba halijatobolewa, mwanajiolojia ndiye anayesema tobolea hapa, usitobolee pale, na akikosea zinazama pesa nyingi sana. Wazee wetu wengi wa Changamwe walifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta tangu kilipofunguliwa 1963 mpaka kiliposimamisha usafishaji 2013. Walijua kila valvu. Ni nadra kumsikia mmoja wao akimwambia mwanawe kwamba mafuta yale, kabla hayajaingia melini, yalitafutwa na mtu aliyesomea mawe.

Mwaka 1904 Gregory akahamia Scotland, akawa profesa wa kwanza wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Akakaa pale miaka 25, mpaka alipostaafu 1929. Mwaka 1908 alikwenda Cyrenaica, sehemu ya Libya ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Waturuki. Jumuiya moja ya Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi ya kuhamia ilitaka kujua kama pale panafaa, na yeye alikuwa katika kundi la wataalamu walioalikwa. Watu hao hao walikuwa wamewahi kutajiwa Uasin Gishu, hapa kwetu Kenya. Jibu la wataalamu lilikuwa fupi: maji hayatoshi. Mpango ukafa hapo. Siasa zote za wakubwa, na hesabu zote za pesa, zikasimamishwa na swali la mawe yanahifadhi maji kiasi gani. Sisi wa Mombasa, tunaonunua maji kwa mikokoteni wakati bomba limekauka, tungepaswa kulielewa hilo kuliko mtu yeyote. Maji ya Mzima tunayoyangoja ni mvua iliyonyesha Milima ya Chyulu, ikapenya kwenye majivu na mawe ya volkano, ikatembea chini kwa chini mpaka ikatokea chemchemini. Ya Tiwi yanatoka kwenye mchanga na matumbawe. Hakuna anayeweza kuyalinda bila kujua yanapita wapi.

Mwaka 1919 Gregory alirudi Kenya. Safari hii hakukuwa na haja ya mpagazi wa kuvuka Taru, reli ilikuwepo. Akiwa upande wa Magadi aliokota mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale mahali panapoitwa Olorgesailie. Leakey na mkewe walikuja kupafanyia kazi kubwa miaka ya 1940. Mwaka 1921 akatoa kitabu kinene kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki, na ndani yake mna pia miamba yetu ya pwani.

Na hapa, msomaji, kuna jambo ambalo kila ninapolisimulia barazani watu hunikatalia. Majina ya mitaa yetu yamo katika vitabu vya jiolojia. Ukishuka kutoka Taru kuja baharini, unapita mawe ya Taru, ambayo ndiyo makongwe, kisha ya Maji ya Chumvi, kisha ya Mariakani, kisha ya Mazeras, halafu mawe ya chokaa ya Kambe, halafu ya Miritini, ya Rabai, na mwisho ya Changamwe. Kila hatua kuelekea bahari unakanyaga mawe machanga kuliko uliyoyaacha nyuma. Ukivuka Makupa ukaingia kisiwani, unasimama juu ya matumbawe ya juzi tu kwa hesabu ya ardhi, kama miaka laki moja na robo.

Yale ya Changamwe ni tope la bahari lililoshindiliwa likawa jiwe laini, linalobanduka tabaka tabaka kama chapati za kusukumwa vizuri. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Ndani yake hupatikana visukuku vya kiumbe wa gamba lililojikunja kama konokono, ambaye kwa nasaba ni jamaa wa pweza na ngisi. Kwa hiyo hapa tunapojenga, tunapogombania mipaka ya viwanja, palikuwa sakafu ya bahari. Jiwe hilo likilowa hulainika na kuvimba, likikauka hupasuka. Maji yake mara nyingi huwa na chumvi. Fundi mzuri wa Changamwe anayajua haya kwa mazoea, ndiyo maana huchimba msingi kwa tahadhari. Sababu yake hakufundishwa.

Sasa yale niliyosema sitayaficha. Mwaka 1925 Gregory alitoa kitabu kiitwacho The Menace of Colour. Humo alitetea kutenganishwa kwa watu kwa rangi zao, weupe kando na wengine kando, na akapinga watu wa rangi mbalimbali kuoana. Ni mtu aliyekula chakula kimoja na wapagazi weusi, Waislamu wa pwani, walioweza kumwacha afe nyikani nao wakarudi nyumbani salama. Alisoma ufa wa ardhi kwa usahihi na akausoma ubinadamu vibaya. Wako wanaosema tusiangalie, zama zake zilikuwa hivyo. Zama zake zilikuwa pia na watu walioona makosa hayo. Elimu ya mawe haimfanyi mtu kuwa mwema. Kijana wetu achukue nyundo ya Gregory na hicho kitabu akiache rafuni.

Tena lipo la pili, na mimi naliona zito kuliko la kwanza kwa siku za leo. Maarifa yote yale yalitoka hapa yakapakiwa melini. Miaka ya 1920 mwanamke mmoja, McKinnon Wood, alizunguka pwani yetu ya Kenya akikusanya mawe na visukuku, na mkusanyiko wake ukapelekwa Glasgow, katika makumbusho ya Hunterian ya chuo kile alichofundisha Gregory. Chuo kikatoa kitabu cha uchunguzi wake mwaka 1930, na cha pili 1938. Mtoto wa Rabai au Miritini anayetaka kuyaona mawe ya nyumbani kwao yakiwa yamepangwa na kuandikiwa majina, huko ndiko yalikopelekwa.

Kwale tumeona kwa macho yetu. Mchanga wa titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi, ukapakiwa melini Likoni, na uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024. Mlima Mrima nao una madini adimu ambayo mataifa makubwa yanayatolea macho. Mikutano ya wananchi huitwa, wataalamu husimama na ramani za rangi rangi, na wazee wa kijiji hukaa wakitazama. Unapokuwa hakuna mtoto wa hapo anayeweza kuisoma ramani ile na kuuliza swali gumu, mkutano huisha mapema, watu wakanywa soda wakaenda zao. Mwanajiolojia mmoja wa kutoka Lunga Lunga, Mwatate au Chaani, aliyekaa upande wa wananchi, angeubadilisha mkutano kama huo. Kwa sababu hiyo sikubali jiolojia iitwe kozi ya waliokosa kozi.

Kwa anayejiandaa, fizikia, kemia, hisabati na jiografia ndizo nguzo. Na msichana asiambiwe kwamba porini si mahali pake. Huyo McKinnon Wood alizunguka nyika yetu miaka mia moja iliyopita, barabara zikiwa hakuna. Binti zetu leo wana bodaboda na simu, na adabu zao hawaziachi nyumbani wanapotoka. Aliyeshindwa kuingia shahada moja kwa moja aanze na cheti au diploma, afanye kazi mchana na kusoma jioni. Karani wa sufi alianza hapo.

Gregory hakujua kustaafu. Mwaka 1922 alikwenda na mwanawe wa kiume hadi milima ya mpaka wa China na Tibet. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa rais wa jumuiya ya wanajiolojia ya London, karani yule yule wa zamani. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, umri ambao wazee wetu hukaa msikitini wakingoja adhuhuri, alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes, kwa sababu bado alikuwa akijiuliza jinsi ardhi inavyojikunja na kupasuka. Tarehe 2 Juni walikuwa wakiteremka Mto Urubamba. Kwenye mkondo mkali mtumbwi ukapinduka, naye akafa maji. Kitabu cha pili cha mawe ya pwani yetu kilitoka Glasgow miaka sita baadaye, bila yeye.